Kuna Mtu Humo?

Nyumba yetu haina mashine ya kufulia. Ukijua kwamba baba yangu ndiye aliyeanzisha kiwanda cha kufulia, kile kinachopokea mashuka ya hospitali na mataulo ya hoteli kwa malori, utaona ni jambo la kuchekesha. Shangazi yangu, dada yake Baba, halimchekeshi hata kidogo. Yeye hufua kwa mkono uani, na kila akikamua suruali ya kaka yake hulalamika kwa sauti ya kutosha kusikika sebuleni. Niliwahi kumletea mashine ndogo ya kuweka jikoni. Baba aliirudisha dukani siku hiyohiyo, ikiwa bado ndani ya boksi lake, wala hakusema kwa nini. Wakati huo alikuwa mzima, na Baba akiwa mzima haulizwi swali mara mbili.

Sasa si mzima. Akili imemponyoka kidogo kidogo tangu mwaka jana. Majina yetu yamekwenda, mwaka umekwenda, hata mama yangu, ambaye tulimzika, kuna siku anamwita amletee chakula. Kilichobaki ni kubisha. Habishi milango ya vyumba, anabisha milango ya vitu: kabati la nguo, friji, buti ya gari langu. Anagonga kwa kifundo cha kidole mara tatu, anainama kidogo, anauliza, "Kuna mtu humo?"

Kisha anasubiri, na hapo ndipo penye kazi. Anasubiri mpaka miguu inamtetemeka. Tumemjibu mara ngapi sijui. "Hamna mtu, Baba," mimi nikiwa kwenye kochi na simu mkononi. "Hamna, kaka yangu, hilo ni friji, funga baridi isitoke," Shangazi akiwa jikoni. Anatikisa kichwa, anabaki pale pale. Mlango haufungi na hakuachi uufunge. Ukimvuta mkono anapiga kelele ya mtu anayeona jambo ambalo wewe hulioni, na mimi kelele ile ilikuwa inanitoa nje ya nyumba kabisa, natafuta kisingizio cha kwenda kununua kitu.

Mwezi uliopita alianguka mbele ya kabati akapasuka juu ya jicho. Daktari hakuzunguka: huyu mzee halali, hakai chini, moyo wake umechoka, asipopumzika, msije mkasema sikuwaambia. Vidonge vya usingizi anavificha shavuni, halafu anavitema.

Basi nikaamua. Jumamosi seremala angekuja kung'oa milango ya makabati yote, na chumba cha Baba kingetiwa komeo kwa nje. Shangazi aliposikia neno komeo alininunia kutwa nzima, adhabu ambayo kwake yeye ni nzito kuliko kwangu, maana bila kuongea anaumwa.

Wiki hiyohiyo ndipo bodi ya kiwanda ilipotutuma sisi wakurugenzi tukafanye kazi za chini. Kuna mshauri mmoja alikuja na picha zake za ukutani akatuambia kwamba wakubwa tumesahau kazi inavyonuka. Kila mkurugenzi avae ovaroli, afanye kazi ya mfanyakazi wake wa chini kwa wiki nzima. Mkurugenzi wa fedha alipelekwa kwenye lori la kusambaza. Siku ya kwanza akaangukiwa na furushi la mataulo, akaomba kwenda kwa daktari. Wa masoko akapelekwa kwenye pasi kubwa, akaungua kidole, akakipiga picha. Mimi, mkurugenzi mkuu na mtoto wa mwenye kiwanda, nilijichagulia mashine.

Nilikuwa na sababu zangu. Mpango wangu wa mwaka uliitwa Mtu Mmoja, Mashine Moja. Kila mashine kubwa ilikuwa na watu wawili, na kwa muda mrefu nilikuwa nimeshindwa kuelewa yule wa pili anafanya nini. Mmoja anapakia, anafunga, anabonyeza kitufe. Wa pili anasimama. Nilitaka nimwone kwa macho yangu akisimama, ili Ijumaa bodi ikiniuliza nijibu kifua mbele.

Nilipangwa kwenye mashine kongwe kuliko zote, ile iliyonunuliwa na Baba mwenyewe. Wanaiita Bi Mkubwa. Mlango wake mtu mzima anapita akiinama, na ile sehemu ya ndani inayozunguka wanaiita tumbo. Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cha njano kichwani, ambaye kiwanda kizima kinamwita Redio kwa sababu hazimwi.

"Bosi, karibu jehanamu ndogo," aliniambia. "Gambuti zako mpya, eh? Jioni zitakuwa zimekuzoea, au wewe umezizoea. Mmoja wenu lazima akubali."

"Na wewe kazi yako hapa ni ipi hasa?"

"Mimi?" Akacheka mpaka kitambaa kikalegea. "Mimi nalipwa kusema hamna. Wenzangu wamesoma mpaka macho yameisha hawajapata kazi nzuri hivi!"

Sikumwelewa. Mpakiaji, kijana mrefu asiyependa maneno, alijaza mashuka mpaka tumbo likafika nusu. Akashika mlango. Kabla ya kuufunga akakunja ngumi, akagonga chuma kwa kifundo cha kidole mara tatu. Akainama kidogo.

"Kuna mtu humo?"

Haikuwa sauti ya Baba, kijana yule hata sura ya Baba haijui, lakini mwinamo ulikuwa uleule, na ule mkato wa sauti mwishoni, na vile alivyobaki ameinama akisubiri.

"Hamna!" alijibu Redio, huku amegeuka upande wa pili anamtania mwanamke wa toroli. Mlango ukafungwa, kitufe kikabonyezwa, Bi Mkubwa akaanza kunguruma.

"Hiyo ni nini?" niliuliza.

"Nini?"

"Kubisha. Kuuliza."

"Aa, hiyo." Redio alifuta jasho. "Tumeikuta hivyo, bosi. Waliotufundisha nao waliikuta. Anayeuliza hajijibu, ndivyo tulivyoambiwa siku ya kwanza, hata choo hatukuonyeshwa kwanza. Ukiuliza mwenyewe ukajijibu mwenyewe, siku hiyo hakuna atakayefanya kazi na wewe. Watu wataogopa kivuli chako."

"Kwa nini?"

"Mimi niulize kwa nini ndani ya kelele hii?"

Siku ile yote nilisikia milango inabishwa. Bi Mkubwa hapa, wenzake kule, tatu, tatu, tatu, kuna mtu humo, hamna, kuna mtu humo, hamna. Wote wanajibu kwa mazoea, mwingine anapiga miayo, mwingine anakuna mgongo. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nageuka kila mara kutazama.

Nyumbani nilimkuta Baba mbele ya friji. Nilimfuata Shangazi uani nikamuuliza moja kwa moja: kule kiwandani wanabisha kama Baba, kwa nini? Alikuwa anasuuza shuka. Mikono yake ilisimama ndani ya maji.

"Kamuulize baba yako."

"Shangazi, Baba hajui hata mimi ni nani."

"Basi usiulize," alisema, akaendelea kusuuza shuka ambalo lilikuwa limeshatakata.

Jumanne nilifundishwa kupakia. Mikono iliniuma mpaka kwapani, na Redio alinitania kwamba shuka la bosi linaingia kwenye mashine likiwa limekunjwa kama barua. Ilipofika zamu yangu ya kubisha nilijiona mjinga. Niligonga, nikauliza. Chuma kilirudisha mlio mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia. Redio akasema hamna, nikafunga. Kufikia jioni nilikuwa nafanya bila kufikiri, na hilo ndilo lililonitisha nilipolikumbuka nikiwa bafuni nyumbani: nilikuwa nimejifunza kumsikiliza Redio badala ya kutazama ndani.

Jumatano nilisema sasa basi. Mambo ya kurithi bila maelezo ndiyo yanayoua makampuni, ndivyo ninavyohubiri kila mwaka, na leo nitaonyesha kwa mfano. Nilimwambia Redio na yule kijana wakapumzike, mashine hii nitaiendesha peke yangu mpaka mchana.

Redio hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza namwona hacheki.

"Bosi, mtu wa kukujibu?"

"Nitajijibu."

Akaondoka, na wengine wakaanza kuondoka naye. Hakuna aliyegoma wala kupiga kelele. Walisogea tu mbali na Bi Mkubwa, mmoja mmoja, wakajitia kushughulika kule mwisho kwenye meza za kukunjia. Nilibaki na toroli langu. Nilipakia mashuka ya wodi ya wazazi, mengine yana madoa ambayo sitaki kuyaeleza, mpaka tumbo likafika nusu. Nikashika mlango.

Ningeweza kuufunga tu. Nani angenizuia? Lakini kifundo cha kidole kilikwenda chenyewe. Tatu.

"Kuna mtu humo?"

Mashine nyingine zilikuwa zinanguruma kushoto na kulia. Nilisubiri, nikajicheka kwa kusubiri. Nikafungua mdomo nijijibu, neno likagoma kutoka. Nikasema, "Hamna," na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya mtu mwenye haraka, mtu aliyechelewa kitu.

Palepale, ndani ya tumbo, kitu kilianguka. Laini, kizito, majimaji, pa.

Shuka, bila shaka. Shuka lililoning'inia juu likateleza. Najua hivyo sasa na nilijua hivyo wakati ule. Lakini mkono ulioshika mlango ukakataa kusukuma. Nilitazama mle ndani kutoka nilipokuwa nimesimama. Ukisimama hapo huoni kitu ila rundo jeupe. Chini ya rundo hilo angeweza kuwamo yeyote. Nilitaka kuinama niingize kichwa, na sikuweza. Mtu mzima, mwenye ofisi yenye zulia, niliogopa rundo la mashuka.

Sijui nilisimama vile kwa muda gani. Kilichonirudisha ni miguu yangu. Ilikuwa inatetemeka, na mtetemo ule niliujua, nimeuona kila siku tangu mwaka jana.

Niliacha mlango wazi, nikatoka na ovaroli langu mpaka kwenye gari. Redio aliniita, sikugeuka.

Shangazi alikuwa anaanika. Hakuhitaji kuulizwa tena, aliniona usoni. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akajipangusa mikono kwenye kanga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu alizungumza polepole.

Alikuwapo dada mmoja pale kiwandani, alisema, wakati wewe hujazaliwa. Walimwita Sindano kwa wembamba wake. Kiwanda kilikuwa na mashine moja tu ya kufulia, ile ile kongwe. Shuka likinasa kule nyuma ya tumbo, ni Sindano aliyekuwa anaingia kulinasua, kwa sababu anapenya, na kwa sababu alikuwa mcheshi, akiingia anawaambia wenzake wasimsahau. Siku hiyo hospitali ilikuwa inataka mashuka yake, lori liko nje linapiga honi. Wenzake walikuwa wamekwenda kupakua. Baba yako akapita, akaona mashine imeshapakiwa, mlango wazi, hakuna mtu.

"Hakufunga hivi hivi," Shangazi alisema. "Hilo ulijue. Baba yako si mtu wa hivyo. Alibisha, mara tatu. Aliuliza, kuna mtu humo? Halafu honi ikapigwa tena, akajijibu mwenyewe. Hamna. Akafunga, akabonyeza kitufe."

Nguo zilikuwa zinadondosha maji juu ya saruji.

"Alijibu?" niliuliza. "Sindano. Alimjibu?"

"Ndiyo hiyo inayomla, mwanangu. Hajui. Mashine ya kukamulia ilikuwa inapiga kelele pembeni. Amekaa na mama yako miaka yote ile, amekulea wewe, amejenga nyumba hii, na hajui kama alijibiwa au hakujibiwa." Alivuta pumzi. "Baada ya hapo ndipo alipoweka watu wawili. Anayeuliza hajijibu. Na anayejibu kwanza anaingiza kichwa na mkono mpaka mwisho, ndipo aseme. Kichwa wanaingiza mpaka leo?"

Nikamwambia hapana. Kichwa kilishaachwa. Limebaki neno tu.

"Ehe," alisema Shangazi, akainuka kuendelea kuanika, maana machozi yake hapendi yaonekane.

Nilikaa pale pale uani kwa hasira. Nilimkasirikia Baba kwa kunyamaza, na Shangazi, na Redio anayejibu huku anataniana. Nilijikasirikia mimi kuliko wote, na mpango wangu wenye jina zuri. Mtu Mmoja, Mashine Moja. Nilikuwa nataka kuwalipa watu kwa kufanya kile hasa alichofanya baba yangu siku ile. Simu iliita, mkurugenzi wa fedha, bila shaka alitaka kujua kama hotuba ya Ijumaa iko tayari. Niliiacha iite mpaka ikachoka.

Kisha nikasikia, kutoka chumbani, vifundo vya kidole juu ya mbao.

Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka kitandani. Baba alisimama mbele ya kabati, mlango mmoja wazi, plasta bado juu ya jicho, mashati yake na magauni ya mama yangu ambayo hatujayatoa yamening'inia mbele yake. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. Magoti yalishaanza kutetemeka.

"Kuna mtu humo?"

"Hamna, Baba," nilisema. Mdomo una mazoea yake.

Akatikisa kichwa. Na kwa sababu safari hii nilikuwa karibu naye, wala sikuwa kwenye kochi, nilisikia anachosema kila siku kwa sauti ndogo akitikisa kichwa.

"Hujaangalia."

Ni kweli, nilikuwa sijaangalia. Kwa mwaka mzima hakuna aliyekuwa ameangalia.

Nilimpita, nikainama, nikaingiza kichwa kati ya nguo. Mle ndani kulikuwa na giza na harufu ya sabuni ya Shangazi. Magauni ya Mama yalinigusa usoni. Nikanyoosha mkono kuelekea nyuma, na naapa, mkono ule uliogopa. Ulikwenda taratibu, ukitarajia kugusa kitu chenye joto. Nilijiambia nitafika kwenye mbao, nitasema hamna, tutafunga, atalala. Bega likaingia. Goti likaingia. Nikawa nimo karibu mzima.

Nyuma yangu, kabla sijafika mwisho, vidole viligonga tena. Moja. Mbili. Tatu. Vilitetemesha kabati lote mpaka kwenye meno yangu.

"Kuna mtu humo?"

Alikuwa anauliza kweli. Sauti yake haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ya mwanamume wa makamo mwenye lori linalopiga honi nje, na ndani yake mlikuwa na hofu kubwa kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikuwa na neno moja tayari mdomoni, lile nililofundishwa. Halikuwa kweli tena.

"Nimo," nilisema. "Nimo, Baba."

Halafu mkono wake ukanikamata juu ya kiwiko. Sikujua kama bado ana nguvu zile. Alinivuta, nguo zikateremka na vining'inizo vyake, gauni moja likanizinga shingoni, na yeye anavuta tu, anahema, anasema, "Toka. Toka, dada yangu. Toka taratibu, nimezima. Nimeshazima." Tulianguka wote wawili juu ya kitanda. Alinishika uso kwa viganja vyote viwili, akanipapasa kichwa, mabega, vidole vya mikono kimoja kimoja, akihakikisha vipo. Alikuwa analia bila kujificha. "Umeumia? Hujaumia? Mbona hukujibu?"

"Nimejibu," nilimwambia, na mimi nalia. "Kelele tu zilikuwa nyingi."

Alitikisa kichwa kukubali. Alitikisa mara nyingi. Kisha akajinyoosha kitandani na viatu vyake, akageukia ukutani, na kabla sijamfunika alikuwa anakoroma. Shangazi alikuja mlangoni na vibanio vya nguo mkononi, akasikiliza ule mkoromo, akaondoka kwa ncha za vidole, akarudi tu kulifunga dirisha.

Seremala nilimpigia asije. Mpango wangu niliufuta nikiwa nimesimama palepale, kwa simu hiyohiyo, na Alhamisi Redio alinitukana kwa heshima nilipomtaka aingize kichwa ndani ya Bi Mkubwa na kitambaa chake cha njano.

Lakini bado ni Jumatano, Baba amelala, na magauni ya Mama yametapakaa sakafuni. Niliyarudisha moja moja kwenye vining'inizo. Nilipomaliza nilishika mlango wa kabati niufunge. Ni kabati tu. Mimi mwenyewe ndiye niliyetoka mle ndani, na nguo nimezitundika kwa mkono wangu. Nikagonga mara tatu, nikauliza kwa sauti ya chini nisimwamshe.

Sikujijibu. Nilisimama pale, mkono juu ya mlango, mpaka Shangazi alipotoka uani akaja kuingiza kichwa.